Picha Iliyoharibika Isifichwe

Katika miaka michache iliyopita wananchi wameshuhudia jambo ambalo wazee wetu hawakulitazamia. Mashine za CT-Scan, ambazo mgonjwa wa mkoani alizisikia kwa jina tu, na akizihitaji hakuwa na budi kufunga safari ya mbali, sasa zimefikishwa katika hospitali za rufaa za mikoa. Sehemu ya fedha hizo ilitoka katika mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliopatikana mwaka 2021 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, wakati dunia nzima ilipokuwa ikipambana na UVIKO-19. Chama kimelisema jambo hili katika mikutano yake, na kina haki ya kulisema. Sisi nasi twalisema. Walakini mkopo ni deni, na deni hilo litalipwa kwa jasho la mkulima wa pamba na la mpakuzi wa bandarini. Kwa hiyo hao wanayo haki ya kuuliza: mashine ikisha kufungwa, utepe ukisha kukatwa, na wageni wakisha kwenda zao, ni nani aangaliaye kwamba picha itokayo mle ndani ni ya kweli, na kwamba mtu aliyelala chini ya mashine ile hakudhurika?

Twatumaini hakuna atakayedhani kwamba swali hili ni la kubeza kazi iliyofanywa. Mwenye kujenga nyumba ndiye apandaye juu kutazama kama bati linavuja. Mpita njia hana haja hiyo.

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1895. Kabla mwaka ule haujaisha alikuwa amekwisha kupiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana dhahiri. Dunia ilifurahi mno hata ikasahau kuuliza maswali. Huko Marekani, Clarence Dally, fundi aliyefanya kazi kwa Thomas Edison, alikuwa akiijaribu mionzi ile kwa mikono yake mwenyewe. Ikamletea madonda, akakatwa mikono, na mwaka 1904 akafa. Mwaka 1936 katika hospitali ya St. Georg mjini Hamburg lilisimamishwa jiwe la kumbukumbu lenye majina 169 ya madaktari, wataalamu wa sayansi, mafundi na wauguzi waliouawa na mionzi hiyo. Twapenda wafanyakazi wenzetu walitazame vema jiwe hilo. Waliochongwa pale ni watu waliokuwa kazini. Wagonjwa waliodhurika pamoja nao hawamo.

Baada ya hasara hiyo ndipo wataalamu walipokutana Stockholm mwaka 1928 na kuunda tume ya kimataifa ya kujikinga na mionzi, ambayo mpaka leo ndiyo iwekayo mipaka inayofuatwa na nchi karibu zote. Kiasi cha mionzi kiingiacho mwilini hupimwa kwa siveti, na sehemu yake ya elfu moja ni milisiveti. Ardhi, anga na chakula vyenyewe hutupa wanadamu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Picha moja ya kifua haizidi sana sehemu moja ya kumi ya milisiveti. Lakini CT-Scan ya tumbo yaweza kufika karibu milisiveti 10, yaani mfano wa picha mia za kifua kwa mara moja. Mfanyakazi wa chumba cha mionzi amewekewa mpaka wa wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na raia wa kawaida aliye jirani na chumba hicho amewekewa moja tu. Mgonjwa hakuwekewa mpaka wo wote, kwa sababu yeye ndiye anayetibiwa. Kinga yake ni busara ya daktari aliyeagiza picha na uangalifu wa yule aliyeipiga. Basi hapo ndipo penye mashaka yetu yote.

Hatutaki kumtisha mtu. Mama aliyegongwa na bodaboda, akaumia kichwa, damu ikavuja ndani, asiulize habari za milisiveti; apigwe picha upesi, maana kila dakika ni uhai. Mtu anayekohoa damu na apigwe picha ya kifua leo, si kesho. Kukosa picha kumewaua wengi katika nchi hii, tena wengi kuliko watakaodhuriwa na mionzi. Lakini picha iliyopigwa vibaya ni hasara mara mbili: mgonjwa amepata mionzi, na daktari hakupata habari. Yawezekana ikawa hasara mara tatu, ikiwa daktari ataisoma hivyo hivyo ilivyo na kumtibu mtu kwa maradhi asiyo nayo.

Sasa tuingie chumbani. Wasomaji wetu wenye umri watakumbuka chumba cha eksirei cha zamani: dawa za kuoshea, chumba cha giza, na filamu zikining'inia zikauke. Filamu ilikuwa ghali. Iliagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni, na kila moja ilihesabiwa. Mpiga picha akizidisha mionzi, filamu ilitoka nyeusi tititi. Akiipunguza mno, ilitoka nyeupe haina kitu. Kosa lilionekana kwa macho, na filamu iliyoharibika ilitupwa kapuni. Kapu likijaa kabla ya mwisho wa juma, mkubwa wa idara hakuhitaji kuambiwa na mtu. Kapu lile lilikuwa mkaguzi mwaminifu kuliko wakaguzi wengi tuliowaona.

Siku hizi picha huchukuliwa kwa mitambo ya kompyuta. Faida zake hazina ubishi: hakuna dawa, hakuna kungoja ikauke, na picha iliyopigwa mkoani yaweza kusomwa na daktari bingwa wa radiolojia aliye mbali kwa siku ile ile. Lakini mtambo huo umetuondolea lile kapu. Kwanza, mionzi ikizidi, picha haiwi nyeusi tena. Kompyuta huisawazisha, na kwa hakika hutoka safi zaidi. Kwa sababu hiyo mpiga picha asiyekaguliwa huongeza kiasi cha mionzi bila kukusudia, leo kidogo na kesho kidogo, maana hakuna daktari amlaumuye mtu kwa picha nzuri. Gharama hulipwa na mwili wa mgonjwa, nao haupigi kelele. Pili, picha iliyoharibika hufutwa kwa kugusa kidole. Mgonjwa huambiwa, "Mama, simama tena hapo, vuta pumzi, usitikisike," naye husimama, akidhani ndiyo desturi ya kazi. Ile picha ya kwanza imekwenda wapi? Haipo kapuni, haipo daftarini, na mara nyingi haimo hata katika kumbukumbu ya mashine. Mionzi yake imo mwilini mwa mama yule.

Wataalamu wa fizikia ya tiba wa Marekani walilitazama jambo hili, na mwaka 2015 wakapendekeza kwamba idara ya eksirei ya kompyuta iwe na lengo la picha 8 zilizokataliwa kwa kila mia, na zikipita 10 kwa mia uchunguzi ufanywe. Msomaji ataona kwamba hata huko kwenye mali nyingi hawakuweka sifuri. Idara itakayotuletea hesabu ya sifuri, sisi tutaishuku kuliko iletayo 12, maana ama haiandiki, ama huzipokea picha mbovu na kuzipeleka kwa daktari kama zilivyo. Na sababu iliyo kubwa ya kurudia picha siyo mashine. Ni mkao wa mgonjwa: bega limeziba pafu, goti limepinduka, mtoto amegeuka, mzee hakuambiwa kwa lugha anayoielewa ashike pumzi mpaka lini. Haya husahihishwa kwa mafunzo na uvumilivu, wala hayahitaji mkopo wa mtu ye yote.

Yapo na makosa ya jina na ya upande. Katika zahanati yo yote ya nchi hii, siku ya kliniki, waweza kuwakuta akina Juma Hamisi wawili katika benchi moja. Mpiga picha aliyechoka huita jina mara moja, na huinuka yule aliyesikia kwanza. Kuna na zile herufi za madini ya risasi ziwekwazo pembeni ya mwili kuonyesha upande wa kulia na wa kushoto. Zikisahauliwa, siku hizi mtu huweza kuandika upande kwa kompyuta baada ya kazi, kwa kukumbuka. Mguu wa mtu haufai kukatwa kwa kukumbuka.

Tutoe mfano mmoja, nao hautoki katika nchi maskini. Katika hospitali moja kubwa ya Los Angeles, mwaka 2008, mipango ya mashine ya CT-Scan itumiwayo kutazama mzunguko wa damu katika ubongo ilibadilishwa. Kutokana na badiliko hilo mashine ikawa inatoa mionzi ipatayo mara nane ya ile iliyokusudiwa. Kosa hilo liliendelea kwa muda wa miezi 18, na wagonjwa waliopatwa nalo walipita 200. Liligunduliwa mwaka 2009, lakini halikugunduliwa na daktari wala fundi. Mgonjwa mmoja aliona nywele zake zinanyonyoka, akasema. Na jambo linaloumiza ni hili: mashine za namna ile huonyesha kiasi cha mionzi kwa tarakimu juu ya kioo kila mgonjwa anapopimwa. Tarakimu ilikuwa mbele ya macho ya watu kwa mwaka mmoja na nusu, watu wenye elimu na mishahara mizuri, lakini hapakuwa na aliyeilinganisha na ya jana. Mwaka 2010 jimbo la California lilitunga sheria kwamba kiasi cha mionzi ya CT-Scan kiandikwe katika taarifa ya kila mgonjwa, ikaanza kutumika mwezi wa Julai 2012.

Waingereza walijifunza jambo hilo hilo bila msiba. Katika miaka ya 1980 walizunguka hospitali zao wakipima, wakakuta kwamba picha ya namna moja, ya kiungo kimoja, hupigwa kwa mionzi kidogo katika hospitali hii na kwa mionzi mara nyingi zaidi katika hospitali ile, na hakuna hata moja iliyojijua. Wakatangaza viwango vya kulinganishia na kurudia kupima kila baada ya miaka michache. Kufikia mwaka 2000 viwango hivyo vilikuwa vimeshuka hata kuwa karibu nusu ya vile vya katikati ya miaka ya 1980. Mashine mpya zilisaidia, hatukatai. Lakini kwanza kila hospitali ilijua imesimama wapi miongoni mwa wenzake.

Kwa nini basi kwetu picha mbovu ifutwe kimya kimya? Twaijua sababu, na wafanyakazi waijua kuliko sisi. Kijana amehitimu, amepangiwa hospitali ya wilaya, yu peke yake chumbani, na wagonjwa wamejaa benchi tangu alfajiri. Umeme umekatika mara mbili. Akiandika kwamba leo amerudia picha tisa, daftari hilo litasomwaje? Ikiwa mkubwa wake atalisoma kama hati ya mashtaka, na kulitoa siku ya kupandishwa cheo, kijana huyo hataliandika tena maisha yake, na wala sisi hatutamlaumu. Wako viongozi, na baadhi yao ni wanachama wenzetu, ambao huona kwamba kumkaripia mtu mbele ya wagonjwa ndiyo usimamizi. Hao wanajenga hospitali isiyo na makosa katika makaratasi.

Hapa twataka tueleweke barabara. Mtu aliyekuja kazini amelewa, au aliyechukua hongo ili amtangulize tajiri, au aliyebandika jina la mgonjwa mmoja juu ya picha ya mwingine kwa makusudi, huyo apelekwe kwenye nidhamu, na ikibidi mahakamani. Lakini aliyekosea mkao, akaona kosa lake, akapiga picha ya pili na kuandika sababu, ametufanyia kazi. Ametupa habari ambayo bila yeye tusingeipata. Mkubwa ampaye barua ya karipio mtu wa namna hiyo anastahili kuulizwa yeye.

Sheria zipo. Tangu mwaka 1983 nchi hii ilikuwa na Tume ya Taifa ya Mionzi, na kwa sheria namba 7 ya mwaka 2003 ikaundwa Tume ya Nguvu za Atomiki. Mwenye mashine ya eksirei, awe ni Serikali, misheni au mfanya biashara, hana budi kupata kibali cha Tume na kukaguliwa. Twaiheshimu kazi hiyo. Lakini mkaguzi huja na kuondoka, na siku zote zilizobaki za mwaka mashine ile hukaguliwa na yule aiwashaye asubuhi, au haikaguliwi kabisa. Mathalani mashine ya CT-Scan hupimwa kwa maji. Katika hesabu ambazo mashine hiyo huzitumia, maji ni sifuri na hewa ni elfu moja chini ya sifuri. Fundi huweka chombo cha maji mahali pa mgonjwa, huiwasha, na kutazama: ikiwa maji hayasomeki sifuri au karibu yake, mashine inasema uongo, na haifai kulazwa mtu chini yake mpaka itengenezwe. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu. (Wapo wadhanio kwamba elimu hii ni ya Ulaya peke yake, na wajue kwamba Allan Cormack, mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa ajili ya mashine hii, alizaliwa Johannesburg, na hesabu zake alizianza mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town.)

Tuwageukie sasa wafanyakazi wenyewe, kwa maana usalama wa mgonjwa na wa mfanyakazi hulala kitanda kimoja. Aproni ya risasi hutundikwa, haikunjwi. Ikikunjwa na kutupwa juu ya kiti, madini yaliyo ndani hupasuka, na ufa huo hauonekani kwa nje. Mfanyakazi huivaa miaka mingine mitano akidhani amekingwa. Dawa yake ni kuitazama aproni yenyewe chini ya eksirei walau mara moja kwa mwaka. Ile beji ya kupimia mionzi nayo huvaliwa kifuani. Ikiachwa ndani ya droo hupima droo. Twasikia wapo wanaoificha makusudi ili hesabu yao isipande wakapumzishwa na kukosa posho ya kazi. Ikiwa posho inamfanya mtu afiche mionzi iliyomo mwilini mwake, basi utaratibu wa posho hiyo una kasoro, na chama cha wafanyakazi kingefanya vema kulichukua jambo hilo kabla ya mengine. Majibu ya beji asomewe mfanyakazi mwenyewe, wala yasifungiwe kabatini kwa mkubwa.

Mintarafu ya aproni, msomaji asishangae akienda hospitali na kuona yeye hakuvikwa. Tangu mwaka 2019 wataalamu wengi wamekubaliana kwamba kumfunika mgonjwa nyonga kwa risasi kila mara hakuna faida iliyodhaniwa, na tena huweza kuziba mahali panapotazamwa na kulazimisha picha ya pili. Mambo ya elimu hubadilika, na asiyesoma hubaki akifanya kwa bidii yale yaliyokwisha kuachwa. Lakini mzazi amshikiaye mtoto wake wakati wa picha na avikwe, pasipo mjadala.

Watoto na akina mama wenye mimba wanastahili maneno yao peke yao. Katika miaka ya 1956 hadi 1958 daktari Alice Stewart wa Oxford alitangaza kwamba watoto waliokufa kwa saratani, mama zao walikuwa wamepigwa eksirei wakati wa mimba karibu maradufu ya mama wengine. Namna yake ya kuchunguza ilikuwa kuwauliza mama wenyewe. Wakubwa wengi wa utabibu hawakumsadiki kwa miaka mingi, na mazoea yale yaliendelea. Leo mimba hutazamwa kwa altrasaundi, ambayo haina mionzi ya namna hiyo. Ama kwa watoto, mwaka 2008 madaktari wa Marekani walianzisha kampeni ya kupunguza mionzi kwao, kwa sababu ilionekana kwamba CT-Scan nyingi zilikuwa zikimpiga mtoto kwa kiasi cha mtu mzima. Mwili wa mtoto unakua, tena anayo miaka mingi mbele ya maradhi kujitokeza. Mashine zilizoletwa mikoani zina mipango ya watoto ndani yake. Twauliza: huchaguliwa?

Mashine ya MRI haina mionzi hiyo, na kwa sababu hiyo watu huidharau. Kazi yake ni ya sumaku, na sumaku ile haizimwi jioni. Inavuta mchana na usiku, hata taa za chumba zikizimwa. Mwaka 2001, karibu na jiji la New York, mtoto wa miaka sita aliuawa ndani ya mashine kwa mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani, ukaruka kumfuata. Mwezi wa Julai 2025, katika jimbo hilo hilo, mwanamume wa miaka 61 aliingia chumbani akiwa na mnyororo mzito shingoni, akavutwa, akafa. Kwa hiyo mlango wa chumba cha MRI uwe na mtu mwenye mamlaka ya kumzuia ye yote, awe mfagizi mwenye ndoo, awe mgeni rasmi mwenye walinzi.

Limebaki jambo ambalo wengine wangependa tulinyamazie. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Ni ushindi mkubwa, na ni wa wanyonge. Lakini mashine inayolipwa kwa kila picha hutamani picha. Mfanya biashara aliyekopa fedha kununua CT-Scan anahesabu idadi ya vichwa kila siku. Na siku hizi hata hospitali ya umma huambiwa ijiongezee mapato. Mtumishi wa Serikali amekuwa akikatwa asilimia 3 ya mshahara wake kila mwezi kwa ajili ya bima, na mwajiri akiongeza asilimia 3 nyingine. Picha isiyo na sababu humwibia huyo mara mbili, mfukoni na mwilini. Daktari anayeagiza aandike katika fomu ni kitu gani anachokitafuta. "Maumivu ya kichwa" peke yake siyo swali. Mtaalamu wa mionzi akiona fomu haina swali, awe na haki ya kuirudisha, na asiitwe mjeuri. Pia mgonjwa aliyekuja na picha yake ya juma lililopita kutoka hospitali nyingine itazamwe hiyo kwanza, kabla ya kupigwa nyingine.

Na wananchi je? Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikaa kwa vikundi karibu na redio zao wakajifunza habari za malaria, maji na vyoo, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Watu hao hao, na watoto wao, waweza kujifunza kumwuliza daktari bila ukali wala haya: Picha hii itabadili nini katika matibabu yangu? Kuna njia isiyo na mionzi? Na mwanamke aliye na mimba, au anayedhani anayo, aseme kabla hajaulizwa. Matawi yetu ya Chama yana mikutano. Nusu saa kwa jambo hili haitaharibu ajenda.

Twaomba jambo moja, nalo ni dogo. Kila chumba cha eksirei na cha CT-Scan, kuanzia hospitali za mikoa, kiwe na kaunta buku mezani, au ukurasa wake katika kompyuta kama ipo. Iandikwe kila picha iliyorudiwa na sababu yake, na kwa CT-Scan iandikwe ile tarakimu ya mionzi inayoonekana kiooni. Jina la mpiga picha lisiandikwe. Kila mwezi Mganga Mfawidhi akae na wafanyakazi wa idara, wahesabu pamoja, na kila robo mwaka hesabu hiyo isomwe mbele ya Bodi ya hospitali, pale pale panaposomwa hesabu ya mapato. Mikoa ibadilishane hesabu zao, ili Mtwara ijue ya Kigoma na Kigoma ijue ya Tanga.

Nasi kwa upande wetu tutatoa nafasi. Hospitali itakayokuwa ya kwanza kutuletea hesabu yake ya robo mwaka tutaichapisha katika ukurasa huu huu pamoja na jina la hospitali, hata ikiwa ni picha 15 kwa mia, na robo itakayofuata tutachapisha ya pili pembeni yake.